Kusoma Namba za Mtutu wa Bunduki ya Marisawa

Mitutu ya bunduki ya marisawa ya kizamani, yaani bunduki itupayo risasi ndogo ndogo nyingi kwa pamoja, ikitolewa mahali pake na kupinduliwa, upande wa chini huonekana chapa nyingi: mataji, herufi zilizofungamana, alama za almasi, na namba. Kwenye bunduki iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza, huweza kusomeka 12 ndani ya almasi, na kando yake 13 juu ya 1. Kwenye bunduki nyingine, iliyotoka Liège, Ubelgiji, husomeka 18.2. Asiyezoea atadhani kuwa mtutu wa pili ni mpana zaidi. Kumbe zote mbili ni bunduki za namba 12, na tofauti ya vipenyo vyake ni kiasi cha unene wa unywele.

Chanzo cha mkanganyo huu ni kwamba namba ya Kiingereza si kipimo cha urefu. Ni hesabu ya vitu. Katika zama za kusubu risasi kwa mkono, ratili moja ya madini ya risasi iligawanywa katika matufe yaliyo sawa. Ikiwa matufe yalikuwa 12, na kila moja lilienea barabara ndani ya mtutu, mtutu huo uliitwa wa namba 12. Ndiyo sababu namba inapokua, mtutu hupungua upana.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuihakiki hesabu hii mwenyewe. Ratili ni gramu 453.6, na densiti ya risasi ni gramu 11.34 kwa sentimita moja ya ujazo. Kwa hiyo ratili nzima ina sentimita za ujazo 40. Ikigawanywa kwa 12, kila tufe hupata 3.33. Kwa kuwa ujazo wa tufe ni π ikizidishwa kwa kipeo cha tatu cha kipenyo, kisha ikigawanywa kwa 6, kipenyo hutokea kuwa sentimita 1.85, yaani milimita 18.5. Kanuni ya jumla ni fupi: gawanya 42.4 kwa kipeuo cha tatu cha namba ya mtutu, nawe utapata kipenyo kwa milimita. Namba 16 hutoa 16.8, namba 20 hutoa 15.6, namba 28 hutoa 14.0. Walimu watambue kosa ambalo ni rahisi kulifanya hapa: mtutu wa namba 24 haupungui kuwa nusu ya ule wa 12. Kipenyo chake ni milimita 14.7, kwa sababu kilichopungua kuwa nusu ni ujazo wa tufe, si upana wake.

Iko bunduki moja isiyofuata utaratibu huu, nayo ni ile iitwayo 410. Hiyo ni sehemu ya inchi, 0.410, sawa na milimita 10.4. Kama ingehesabiwa kwa matufe, ingekuwa karibu namba 68.

Sasa na turudi kwenye 18.2 ya Liège. Ukigawanya 42.4 kwa 18.2 na kutafuta kipeo cha tatu cha jibu, unapata 12.6, wala si 12 kamili. Hapana kosa. Bunduki hupewa jina kwa chumba kinachopokea katriji, na mtutu ulio mbele ya chumba hicho huruhusiwa kuwa mwembamba kidogo. Waingereza walilionyesha jambo hilohilo kwa 13 juu ya 1, maana yake mtutu ulio kati ya namba 13 na 12, wa inchi 0.719. Zidisha kwa 25.4: ni milimita 18.26. Mwaka 1954 waliacha hesabu ya matufe kwenye chapa hii wakaandika sehemu za inchi. Mwaka 1980 Uingereza iliingia katika tume ya kimataifa ya majaribio ya silaha, iliyoanzishwa Liège mwaka 1914, na baadaye chapa zake nazo zikawa za milimita.

Mwenye kutaka kupima mwenyewe asidanganywe na mdomo wa mtutu. Mitutu mingi hubanwa mdomoni ili marisawa yasitawanyike upesi, na huenda mtutu wa 18.4 ukasoma 17.4 pale ambapo kipimo cha maabara ya shule kinaweza kufika. Kipenyo cha kweli hupimwa ndani zaidi, kwa chombo cha fundi bunduki.

Namba yenye hatari kubwa zaidi, hata hivyo, ni ile ya urefu wa chumba. Inchi 2½ ni milimita 63.5, na huandikwa 65. Inchi 2¾ ni 69.85, na huandikwa 70. Urefu unaochapwa kwenye katriji ni wa ganda lililokwisha kufunguka baada ya kupigwa. Kabla ya hapo mdomo wa ganda umekunjwa, nalo ni fupi. Kwa hiyo katriji ya 70 huingia bila taabu yoyote katika chumba cha 65, na bunduki hufungika vizuri. Inapopigwa, ganda hukunjukia mahali ambapo mtutu unaanza kubana, na njia ya marisawa huzibwa kwa sehemu. Katriji za kawaida za namba 12 huruhusiwa kufikia kanieneo ya bar 740, yaani karibu mara 730 ya ile ya hewa tuivutayo. Njia ikizibwa, kanieneo hupanda kupita kiwango ambacho mtutu wa kale ulijaribiwa nacho.

Katriji ya namba 20 ni mbaya kuliko hiyo. Ikitiwa kwa bahati mbaya katika bunduki ya 12, hupita chumba chote na kukwama mbele yake. Mpigaji huchungulia, huona chumba ni kitupu, hutia katriji ya 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu hupasuka karibu na mkono ulioushika. Ndiyo maana viwanda vimezoea kutengeneza katriji za namba 20 kwa rangi ya manjano.