Uyoga mashuleni: tule au tuuze?

Leo naomba tuongelee msosi wa shule. Najitolea kufundisha baiolojia shule moja ya kata mkoani Morogoro. Ni shule ya kutwa, na ikifika saa saba mchana ndio unajua mzazi gani kachangia mahindi na maharage na yupi hajachangia. Watoto wa wasiochangia wanakaa chini ya mwembe wakijifanya wanasoma. Hapo ndipo nikaleta hoja ya uyoga.

Wengi walidhani ni ule wa porini. Huo sigusi, maana wenye sumu unaweza kufanana kabisa na wa kuliwa! Sisi tunalima uyoga mamama. Hauhitaji shamba, na majani ya mpunga huku yanachomwa moto tu baada ya mavuno. Chido Govera wa Zimbabwe, yatima aliyejifunza kilimo hiki utotoni miaka ya 1990 kisha akafundisha yatima wenzake, naye alianzia kwenye mabaki ya shamba.

Unakatakata majani vipande vya sentimita 3 hadi 5, unaloweka usiku kucha, unachemsha kwenye pipa kama saa 2, unachuja, unaacha yapoe. Kisha unashindilia kwenye mifuko ya nailoni: majani, mbegu kidogo, majani tena. Mifuko inakaa gizani wiki tatu hivi mpaka iwe myeupe yote. Baadaye unaitoboa, unaipa hewa na mwanga kidogo, unanyunyiza maji kila siku mpaka uyoga uchomoze.

Rahisi eh? Katika mifuko yetu 20 ya kwanza, 14 iligeuka kijani. Ukungu! Kosa langu mwenyewe: majani yalikuwa bado yanachuruzika maji na mikono hatukunawa vizuri. Wanafunzi walinicheka wiki nzima. Raundi ya pili tukapaka spiriti mikononi, na majani tukayakamua mpaka yasidondoshe tone. Tukapona. Mbegu nazo huwezi kubakiza kutoka kwenye mavuno kama mahindi, zinaoteshwa maabara juu ya nafaka iliyochemshwa, kwa hiyo kila msimu ni kununua.

Sasa hesabu. Wanafunzi 400, kila mmoja gramu 50, ni kilo 20 kwa mlo mmoja tu. Kwa uzoefu wetu hizo zinataka kilo 40 za majani makavu. Halafu uyoga mbichi karibu wote ni maji: kilo moja ina protini kama gramu 30, wakati kilo ya maharage makavu inapita gramu 200. Sasa nani atashiba hapo?

Kwa hiyo mimi nasema tuuze mwingi mjini, ambako kilo yake inazidi bei ya kilo ya maharage, tununue maharage, na wale wa chini ya mwembe nao wapange foleni. Mwenyekiti wa kamati hataki, anasema watoto waliolima wale walichovuna. Mifuko 60 iko gizani sasa hivi, kikao ni Jumamosi. Wadau mnasemaje?