Kumuuguza Mzazi Bila Dawa
Mwanamke aliyejifungua huanza kupona pale mji wa mimba unapojikaza na kuzuia damu, kazi ambayo kunyonyesha mapema huisaidia sana, kwa kuwa mtoto anaponyonya mwili hutoa oksitosini, yaani homoni inayoukaza mji huo. Muuguzi humhimiza pia akojoe ndani ya saa 6, maana kibofu kilichojaa huuzuia mji kusinyaa. Maumivu ya msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, hupozwa kwa barafu iliyofungwa kitambaani. Kukandwa kwa maji moto, desturi inayopendwa pwani, kunahitaji tahadhari kubwa, kwani maji yanayochoma huunguza ngozi. Lakini mapumziko ya siku arobaini, mzazi akipikiwa na kufuliwa na ndugu zake, yanastahili kudumishwa.