Kampuni Mama au Kampuni Hodhi? Tatizo la Istilahi katika Sheria ya Bima

Kampuni inayozimiliki kampuni za bima huitwa "kampuni mama" au "kampuni hodhi". Istilahi hizi hazilingani.

"Mama" imezoeleka, lakini ina dhana isiyomo katika sheria, kwani mama huwajibika kwa mwanawe. Kisheria, tangu kesi ya Salomon nchini Uingereza mwaka 1896, kampuni ni nafsi iliyo mbali na wenye hisa wake. Abiria aliyejeruhiwa ndani ya matatu huko Kiamaiko, Nairobi, akishamshinda mwenye gari mahakamani, huitazamia kampuni iliyotoa bima. Ikifilisika, kampuni inayoimiliki kwa kawaida hailazimiki kulipa.

"Hodhi" inakaribia zaidi kigezo cha Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015, yaani udhibiti: kuwa na kura zilizo nyingi, au uwezo wa kuteua wakurugenzi walio wengi. Dosari yake ni kudokeza ulimbikizaji wa mali.

Hata hivyo yafaa ipendelewe. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi. Istilahi inayopotosha humpa abiria yule tumaini ambalo sheria haikumpa.