Waliondoka na Zana Zao



Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Sisi wa tawi la mashamba ya chai, magharibi mwa Uganda, tuliyaona hayo siku ya mazungumzo juu ya malipo ya kila kilo ya majani mabichi. Meneja alituuliza: "Nyinyi mnasema kwa niaba ya watu wangapi?" Daftari letu la wanachama lilikuwa ndani ya kompyuta, katika programu ya kulipiwa kila mwaka, na muda wa malipo ulikuwa umepita wiki mbili. Karani alipoifungua, ikadai fedha kwanza. Majina yetu, tuliyoyaandika wenyewe, yalikuwa yamefungiwa katika nyumba ya mtu mwingine. Mazungumzo yakaahirishwa, na wachumaji wakaendelea kulipwa bei ya zamani kwa miezi miwili zaidi.

Tangu siku ile tukaanza kuuliza kama iko programu isiyo na kufuli. Iko, nayo huitwa programu huria. Historia yake inatuhusu sisi wafanyakazi.

Programu ni maagizo yaliyoandikwa na watu ili kompyuta ijue la kufanya. Programu nyingi huuzwa maagizo yake yakiwa yamefichwa. Ni kama kununua mashine ya kusaga iliyochomelewa pande zote: ikiharibika, fundi wako haruhusiwi kuifungua. Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza kazi ya kutengeneza programu zisizofichwa. Programu za namna hiyo hutolewa pamoja na leseni, yaani mkataba, unaompa kila mtu haki nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuisoma ndani, kuwagawia wengine, na kuirekebisha na kuyatoa marekebisho yake.

Je, mkataba huo una nguvu gani? Tuitazame programu ya ofisi, ile ya kuandika barua na kupanga hesabu katika majedwali. Ilianzia Ujerumani kwa jina la StarOffice. Mwaka 1999 kampuni ya Sun ya Marekani iliinunua, na mwaka 2000 ikayaweka wazi maagizo yake kwa jina la OpenOffice.org. Watu wa nchi nyingi wakaingia kazini, wengine kwa mshahara, wengine kwa kujitolea. Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Sweden, waliitafsiri kwa Kiswahili, na Desemba 2004 ikatoka ikiitwa Jambo OpenOffice.

Januari 2010 Sun yenyewe ikanunuliwa na kampuni kubwa zaidi, Oracle. Waliojitolea wakawa na wasiwasi juu ya kazi ya mikono yao. Tarehe 28 Septemba 2010 wengi wao wakatangaza umoja wao, The Document Foundation, na programu yao, LibreOffice. Waliialika Oracle ijiunge nao na iwaachie jina la zamani. Haikukubali. Jina likabaki kwa kampuni, lakini kazi yenyewe haikuzuilika, kwa sababu leseni ilimruhusu kila mtu kuichukua na kuiendeleza. Januari 2011 toleo lao la kwanza likatoka. Mwezi uliofuata wakaomba michango ya euro 50,000 ili waandikishe shirika kisheria Ujerumani. Fedha zikatimia kwa siku nane.

Ndugu, mfanyakazi wa kiwanda akigoma huiacha mashine nyuma ya lango. Hawa waliondoka na zana zao, kwa sababu ya kifungu kilichoandikwa mapema. Sisi wa chama tunajua thamani ya kifungu kilichoandikwa.

Lakini tusidanganyane. Hata kitu huria hulipiwa na jasho la mtu. Aprili 2014 iligunduliwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed katika OpenSSL, programu huria inayolinda siri za watu katika intaneti. Makampuni makubwa duniani yaliitegemea, lakini ilitunzwa na watu wachache tu, na mmoja peke yake ndiye aliyekuwa kazini muda wote. Michango ya hiari ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Baada ya hatari kuonekana, ndipo makampuni yakatoa fedha. Uvunaji bila kupalilia tunaufahamu.

Basi sisi tusiwe wavunaji tu. Hakuna anayedai cheti cha shule. Ukiona kasoro, itangaze kwa wanaoitunza programu: eleza ulifanya nini, ulitazamia nini, kikatokea nini, na ni toleo gani. Karani anayejua kueleza mizani ilivyokosea ataiweza kazi hiyo. Ukiwa hodari wa Kiswahili, saidia kutafsiri, maana tafsiri ya LibreOffice bado ina mapengo. Ukijua kuitumia, mfundishe mwenzako, au andika maelezo mafupi. Na chama kikiwa na akiba, kitoe mchango, hata mdogo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tawi letu sasa limeweka daftari katika jedwali la LibreOffice, kwa muundo wa wazi unaokubaliwa na shirika la viwango la kimataifa tangu 2006, ambao programu nyingine pia huweza kuusoma. Nakala moja iko katika kompyuta, moja katika flashi ya mweka hazina, na moja katika karatasi. Kwenye kikao kilichofuata meneja aliuliza tena tuko wangapi. Katibu alisimama, akasoma idadi, na mazungumzo yakaanza.

Matawi jirani, kagueni madaftari yenu leo. Ulizeni ufunguo uko kwa nani.

Umoja ni nguvu.