Je, Wajua? Spishi Mpya za Wadudu Zimejaa Makabatini mwa Makumbusho

Kumgundua mdudu ambaye bado hana jina la kisayansi si lazima uingie msituni. Wengi walikwisha kukamatwa zamani, wakachomwa pini na kupangwa makabatini, na mpaka leo hakuna aliyewachunguza sawasawa. Siku hizi eksirei inawawezesha wataalamu kuwatazama mpaka ndani ya tumbo bila kuwavunja hata unywele mmoja.

Je, wajua kuwa spishi mpya husubiri miaka 21 kupata jina?
Huo ndio wastani uliotolewa na utafiti uliochapishwa mwaka 2012, kuanzia siku kiumbe anapookotwa hadi siku anapoelezwa rasmi. Ina maana aliyemkamata mdudu akiwa kijana huenda akawa mtu mzima kabla mdudu huyo hajatambuliwa kuwa ni mpya.

Je, wajua kuwa kumtambua mdudu mara nyingi huhitaji kumkatakata?
Spishi mbili zaweza kufanana rangi, ukubwa na umbo, zikatofautiana tu katika viungo vya uzazi vya dume, navyo vimefichika tumboni. Mtaalamu hulikata tumbo la mdudu mkavu, akalichemsha katika maji ya potasi kali mpaka nyama iyeyuke, ndipo aone sehemu ngumu kwa hadubini. Nyama iliyoyeyuka hairudi. Tatizo huwa kubwa zaidi kwa sampuli ile moja iliyoteuliwa kubeba jina rasmi la spishi, kwa sababu ndiyo inayorejelewa kila penye ubishi. Ni nani atathubutu kuipitishia kisu?

Je, wajua kuwa mashine inayotumika ni ndugu ya CT scan ya hospitali?
Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha za CT mjini London mwaka 1971, kwa mashine iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nobeli pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Hospitalini mashine humzunguka mgonjwa. Katika ile ndogo ya maabara, ni mdudu anayezungushwa taratibu mbele ya eksirei. Kompyuta hukusanya mamia au maelfu ya picha na kuunda umbo kamili, ambalo mtafiti hulipasua kwenye skrini kama mkate wa slesi. Huweza kuonekana vitu vyenye ukubwa wa takriban sehemu moja ya elfu ya milimita. Misuli na neva zikiwa hafifu, sampuli hulowekwa kwanza katika ayodini ili zijitokeze.

Je, wajua kuwa sisimizi wa Kakamega ana jina la Obama?
Mwaka 2017 watafiti waliofanya kazi Okinawa, Japani, walieleza spishi tatu mpya za sisimizi wa Afrika wa jenasi Zasphinctus, wanaoishi kwa kujificha udongoni na kuwawinda sisimizi wenzao. Eksirei iliwaonyesha sehemu za mdomo ambazo kwa nje hazionekani vizuri. Mmoja, kutoka msitu wa Kakamega magharibi mwa Kenya, aliitwa Zasphinctus obamai kwa heshima ya rais wa zamani wa Marekani, Barack Obama. Wengine wawili walipewa majina ya mwandishi na mtetezi wa mazingira wa Nigeria, Ken Saro-Wiwa, na bingwa wa elimu ya sisimizi, E. O. Wilson.

Je, wajua kuwa nyigu walikutwa ndani ya pupa za nzi zilizogeuka mawe?
Pupa hizo, yaani nzi walio kati ya hatua ya buu na nzi kamili, zenye urefu wa kama milimita 3, ziliokotwa katika karne ya 19 huko Quercy, Ufaransa, zikahifadhiwa katika makumbusho. Kwa nje ni vijiwe tu. Watafiti walizipiga eksirei pupa 1,510 kwa mtambo mkubwa wa eksirei ulioko Karlsruhe, Ujerumani, na mwaka 2018 wakatangaza kuwa 55 kati yake zilikuwa na nyigu ndani. Mama nyigu alitaga yai ndani ya pupa, mtoto akamla mwenyeji wake, kisha wote wakageuka jiwe kabla nyigu hajatoka. Spishi zilikuwa nne, zote mpya. Moja iliitwa Xenomorphia resurrecta.

Je, wajua kuwa spishi moja ya mbawakawa iligunduliwa ndani ya kinyesi?
Ni kinyesi cha miaka milioni 230 kutoka Krasiejów, Polandi, kilichogeuka jiwe. Yaelekea kiliachwa na Silesaurus, mnyama wa ukoo wa karibu na dinosaria. Eksirei kali ya mtambo ulioko Grenoble, Ufaransa, ilionyesha mbawakawa wa milimita moja na nusu hivi, baadhi yao wakiwa bado na miguu na vipapasio. Walitangazwa mwaka 2021 kwa jina Triamyxa coprolithica.

Je, wajua kuwa picha haichukui nafasi ya mdudu mwenyewe?
Faida ya faili la picha ni kubwa: mwanafunzi wa Nairobi au Morogoro anaweza kumchunguza kwenye kompyuta sisimizi wa Kakamega bila kukata tiketi ya ndege, maana maumbo ya sisimizi wale yaliwekwa wazi kwa umma. Kwetu hilo lina uzito, kwa kuwa sampuli nyingi za wadudu wa Afrika ziko Ulaya. Hata hivyo eksirei haionyeshi rangi, na mdudu halisi ndiye atakayejibu maswali ya kesho. Walioziokota pupa nyingi za Quercy hawakuijua eksirei, iliyogunduliwa mwaka 1895. Walichofanya ni kutunza. Kwa hiyo makumbusho yetu yanastahili bajeti ya mambo ya kawaida kabisa: kabati kavu, dawa ya kuzuia wadudu waharibifu, na lebo inayosomeka yenye mahali na tarehe. Bila hayo, hata mashine bora haitakuwa na cha kupiga picha.