Ndugu Wawili wa Newport

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, leo tunavuka bahari mpaka Newport, mji wa bandari katika jimbo la Rhode Island, Marekani. Zamani hizo palikuwa koloni la Waingereza, na meli za Newport zilikwenda Afrika Magharibi kununua watu. Kwenye makaburi ya kale ya mji huo ipo sehemu walikozikwa Waafrika, watumwa na waliokuwa huru. Inaitwa God's Little Acre.

Hapo pana jiwe lililoandikwa kwamba limechongwa na Pompe Stevens kumkumbuka ndugu yake Cuffe Gibbs, aliyefariki tarehe 27 Desemba 1768, akiwa na umri wa miaka 40. Pompe alikuwa mtumwa katika karakana ya wachonga mawe ya ukoo wa Stevens, iliyoanzishwa mwaka 1705. Nyundo na patasi alizozoea kuchongea mawe ya makaburi ya watu wengine, safari hii alizishika kwa ajili ya damu yake. Na jina lake akaliweka palepale, lisomwe pamoja na la marehemu. Mimi nampenda sana kwa hilo.

Sasa tazameni: ndugu wawili, ila mmoja Stevens, mwingine Gibbs. Mara nyingi mtumwa aliitwa kwa jina la bwana wake, na hawa walikuwa mali ya nyumba mbili. Anayetafuta wahenga wake kwa kufuata jina la ukoo peke yake angewapita bila kujua. Kama si lile jiwe, nani angesema walikuwa ndugu?

Jiwe linatusaidia pia kukisia mwaka wa kuzaliwa. Toeni 40 kwenye 1768: Cuffe alizaliwa karibu na 1728. Lakini tarehe za kale zina mitego. Kabla ya 1752, Waingereza na makoloni yao walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, kwa hiyo jiwe la mtu aliyekufa Februari ya enzi hizo huweza kuandikwa miaka miwili kwa pamoja, kama 1728/9. Mchongaji hakukosea.

Mkikuta maandishi ya jiwe yamefifia, msisugue kwa brashi ya waya wala kupaka chaki, jiwe litaharibika. Chukueni kioo, mrushe mwanga wa jua kutoka ubavuni, na herufi zitajitokeza kwa vivuli vyake.

Mkishapata tarehe, nendeni kwenye vitabu vya kanisa na nyaraka za mirathi ya mabwana. Humo, katika orodha ya mali, baada ya ng'ombe na samani, mtakuta watu: jina moja tu, na bei yake pembeni. Inauma kusoma. Lakini kwa familia nyingi hakuna mahali pengine jina la babu yao lilipoandikwa.