Nguruwe wa Denmark: kuzaa si kazi, kazi kulea

Wahenga walinena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Wafugaji wa nguruwe wa Denmark walijifunza hayo kwa hasara.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walianza kuchagua majike kwa wingi wa watoto wanaozaliwa. Sifa hiyo hurithiwa kidogo tu: takriban asilimia 10 ya tofauti kati ya jike na jike hutokana na vinasaba, zilizobaki ni lishe, umri na matunzo. Hata hivyo, kizazi baada ya kizazi, watoto waliongezeka hadi wakazidi chuchu, ambazo kwa kawaida ni 14 hivi. Wanyonge walikosa maziwa, wakafa.

Mwaka 2004 kipimo kikabadilishwa: wakaanza kuhesabu watoto walio hai siku ya tano. Vifo vikapungua, ingawa hadi leo watoto wa ziada hupelekwa kwa mama wa kambo.

Ndugu yangu unayefuga Mbeya au Masaka, unaponunua jike usiulize tu mama yake alizaa wangapi. Uliza waliofika kuachishwa ziwa ni wangapi, kisha hesabu chuchu.